Siku 687: Mwaka wa Mirihi na Sababu ya Safari za Huko Kusubiri Miezi 26

Na Mwandishi Wetu

Sayari ya Mirihi, jirani wa Dunia kwa upande ulio mbali na Jua, huchukua siku 687 kukamilisha mzunguko mmoja kulizunguka Jua. Muda huo ni pungufu kidogo ya miaka miwili ya Dunia. Kwa hesabu hiyo, mwanafunzi mwenye umri wa miaka 15 angekuwa na takriban miaka 8 tu endapo umri wake ungepimwa kwa mwaka wa Mirihi.

Sababu za urefu wa mwaka huo ni mbili. Kwanza, Mirihi ipo umbali wa wastani wa kilomita milioni 228 kutoka kwenye Jua, ikilinganishwa na kilomita milioni 150 za Dunia, hivyo njia yake ni ndefu zaidi. Pili, kadiri sayari inavyokuwa mbali ndivyo mvutano wa Jua unavyopungua na mwendo wake kuwa wa taratibu. Dunia husafiri takriban kilomita 30 kwa sekunde, wakati Mirihi husafiri kilomita 24.

Idadi hiyo ya siku ina nafasi ya pekee katika historia ya sayansi. Mtaalamu wa hisabati wa Ujerumani, Johannes Kepler, alitumia kumbukumbu za vipimo vya anga zilizoachwa na Tycho Brahe wa Denmark, aliyefariki mwaka 1601. Kepler alijua kuwa kila baada ya siku 687 Mirihi hurejea mahali pale pale katika njia yake, ilhali Dunia huwa imefika mahali pengine. Kwa kulinganisha vipimo vilivyopishana kwa muda huo, alipata umbo halisi la njia hiyo, na mwaka 1609 alichapisha matokeo yaliyoonesha kuwa Mirihi hupita katika njia ya duaradufu, si duara kamili.

Tofauti ya mwendo kati ya sayari hizi mbili ndiyo pia inayopanga ratiba ya safari za anga. Kila siku Dunia husogea takriban nyuzi 0.986 kulizunguka Jua, na Mirihi nyuzi 0.524. Hivyo Dunia hutangulia kwa nyuzi 0.462 kila siku, na huhitaji takriban siku 780, sawa na miezi 26, kuipita Mirihi tena. Chombo kinachorushwa miezi michache kabla ya Dunia kuipita Mirihi hutumia nishati ndogo zaidi na hufika baada ya takriban miezi saba.

Ndiyo maana mwezi Julai 2020 Falme za Kiarabu, China na Marekani zilirusha vyombo vyao ndani ya wiki mbili, na vyote vikafika Februari 2021.

Anayechelewa hulipa gharama. Chombo cha Marekani kiitwacho InSight kilipangwa kuondoka Machi 2016, lakini kifaa chake cha kupimia mitetemo ya ardhi kilibainika kuvuja. Ingawa marekebisho yaliwezekana, nafasi ya kuondoka ilikuwa imepita, na chombo kilisubiri hadi Mei 2018. Ucheleweshaji huo uliongeza gharama kwa zaidi ya dola za Marekani milioni 150.

Kwa binadamu, suala hili ni zito zaidi. Wanaanga watakaofika Mirihi hawataweza kugeuza na kurudi watakapotaka, bali watalazimika kusubiri sayari hizo zikae tena katika mpangilio unaofaa. Safari nzima hukadiriwa kuchukua kati ya miaka miwili na nusu na mitatu, na kwa muda wote huo chakula, dawa na vipuri lazima viwe vimeandaliwa mapema, kwa kuwa msaada wa haraka kutoka duniani hautawezekana.

Mzunguko huo huo huonekana kwa macho bila darubini. Dunia iliipita Mirihi Januari 2025, na itaipita tena Februari 19, 2027. Katika siku za karibu na tarehe hiyo, wakazi wa Afrika Mashariki wataweza kuiona Mirihi ikichomoza mashariki Jua linapotua na kubaki angani usiku kucha, iking'aa kwa rangi yake ya wekundu.