Wanaozibua mitaro ya Eastlands: Kwa nini moyo wa kujitolea pekee hautoshi

MVUA za masika zikianza, mtu anayepita Soko la Burma alfajiri kuelekea kazini hutazama chini kabla ya kutazama mbele. Mtaro ukiwa umezibwa na tope, maji hayana pa kwenda ila juu ya njia. Njia ikifurika, mchuuzi hawezi kutandaza bidhaa, mwenye mkokoteni hapiti, na mtoto hufika shuleni viatu vikiwa mkononi.

Soko hili, maarufu kwa nyama, lipo karibu na Barabara ya Jogoo, jirani na mtaa wa Kaloleni na Uwanja wa City, ambao mwaka wa 2019 ulipewa jina la mwanasoka Joe Kadenge. Jina la soko lakumbusha nchi ya Burma, ambako wanajeshi wa Afrika Mashariki walipigana katika Vita vya Pili vya Dunia. Hapa, kama katika mitaa mingine ya Eastlands, maelfu ya watu hutegemea njia za miguu. Je, nani huzitunza?

Mara nyingi ni wakazi wenyewe, hasa vijana, wanaojitolea kwa sepetu na reki. Kazi yao ina hatua tatu. Kwanza, plastiki na taka nyingine ngumu huondolewa. Pili, tope huchotwa kuanzia upande wa chini, maji yanakoelekea, ili yaliyotuama yapate pa kutokea. Hatua ya tatu ndiyo husahauliwa: tope hilo sharti lichukuliwe mbali. Likiachwa ukingoni, mvua ya kwanza hulirudisha mtaroni na jasho lote likawa bure.

Hata kazi ikifanywa vyema, mtaro huanza kujaa upya siku iyo hiyo. Kwa hivyo, ugumu haupo katika kuwapata watu siku ya kwanza, bali katika kuwarejesha mara ya kumi.

Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilichoanzishwa mwaka wa 1987, kililipatia tatizo hili dawa ya ajabu. Timu zake ziliongezewa pointi katika jedwali la ligi kwa kusafisha mitaa yao. Ikawa mchezaji anayetamani kombe hana budi kushika reki. Mwaka wa 1992, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilikitunukia chama hicho tuzo ya Global 500. Timu iliyochipuka humo, Mathare United, ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya mwaka wa 2008.

Kazi ya aina hii, isiyo na mwisho, ipo hata katika nchi za baridi. Nchini Kanada na kaskazini mwa Marekani, kuna njia ndefu za pikipiki za theluji, ambazo nyingi hutunzwa na vilabu vya watu wanaojitolea. Vyombo hivyo vikipita, theluji hujikusanya na kuwa matuta. Usiku, baridi ikizidi na wapitaji wakipungua, mashine mfano wa trekta huvuta chombo cha kusawazisha matuta hayo, na kufikia asubuhi theluji huwa imeganda na kuwa ngumu. Baada ya wapitaji wengine, kazi hurudiwa.

Lakini wanaojitolea huko hawaachwi mikono mitupu. Katika maeneo mengi, watumiaji wa njia hulipia vibali, na ada hizo husaidia kununua mafuta na kukarabati mashine. Mtu hutoa muda wake. Gharama nyingine hubebwa na wengi.

Hilo ndilo pengo la Eastlands. Kijana anayeingia mtaroni bila glavu wala mabuti hujihatarisha kukatwa na vigae vya chupa na kuambukizwa magonjwa kama vile kipindupindu. Na akishachota tope, toroli haiwezi kulifikisha jalalani Dandora. Lori lahitajika.

Lori hilo si hisani. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazikabidhi serikali za kaunti jukumu la kuzoa taka na kusimamia maji ya mvua katika maeneo ya makazi. Kifungu cha 42 nacho kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Mkazi anayejitolea hafuti wajibu huo, huusaidia.

Wenye vibanda na wapita njia nao wana sehemu yao: kutotupa taka mtaroni na kuchangia vifaa. La sivyo, rundo la tope lililoachwa ukingoni Jumamosi litakuwa limerudi mtaroni kabla ya Jumatatu, na vijana waliolichota hawatakuwa na sababu ya kurudi.