Kuuza vitu vyako mtandaoni: lini ni mali ya nyumbani, lini ni biashara inayotozwa kodi

Na Mwandishi Wetu, Arusha

Mkazi wa Njiro anayehamia Dodoma kikazi anapiga picha jokofu, kitanda na seti ya makochi, anaziweka kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, na kabla ya mwisho wa wiki vyote vimepata wanunuzi. Jirani yake naye hununua belo la mitumba kila baada ya wiki chache, hupiga picha gauni mojamoja, huweka bei kwenye Instagram na kutuma mzigo kwa bodaboda hadi Sakina, Tengeru na Usa River. Wote wawili wanatumia simu kutangaza, wote wanapokea fedha kwa simu, na hakuna kati yao mwenye duka. Hata hivyo, mbele ya Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, watu hao wawili hawako katika fungu moja.

Tofauti hiyo inahitaji kueleweka vizuri, hasa baada ya Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, kuwataka wanaofanya biashara kwa njia ya mtandao kujisajili kwa ajili ya kodi ifikapo tarehe 31 Agosti, 2025. Tangazo hilo linawahusu wafanyabiashara. Kutolielewa kunaweza kumtia hofu bure mtu anayeuza kabati lake la zamani, na wakati huohuo kumfanya mfanyabiashara wa kweli ajione yuko salama kwa sababu tu anauzia sebuleni.

Sheria inaangalia nini

Sheria ya Kodi ya Mapato hutoza mapato yanayotokana na ajira, biashara na uwekezaji. Fedha isiyotoka katika mojawapo ya vyanzo hivyo haiwi mapato yanayotozwa kodi kwa sababu tu imepitia kwenye simu. Kwa hiyo, swali la kwanza kwa muuzaji ni kama alichokifanya ni biashara au uwekezaji.

Kwa upande wa uwekezaji, sheria hutoza faida inayopatikana mtu anapouza mali ya uwekezaji, na kwa mwananchi wa kawaida mali hiyo ni hasa hisa na dhamana za kampuni pamoja na maslahi katika ardhi na majengo. Jokofu, televisheni, baiskeli ya mtoto au simu uliyoitumia mwenyewe havimo. Aidha, vitu vya aina hiyo kwa kawaida huuzwa kwa bei ya chini kuliko ile iliyonunuliwa, hivyo hata faida yenyewe huwa haipo.

Kwa upande wa biashara, tafsiri ya sheria ni pana. Inajumuisha uchuuzi, uzalishaji, taaluma, na hata mpango wa mara moja ulio na sura ya biashara. Lakini tafsiri hiyohiyo inaiacha nje shughuli ambayo, kwa kuangalia asili yake na kazi kuu ya mwenye nayo, haifanywi kwa lengo la kupata faida. Hapo ndipo anapopata nafuu mkazi wa Njiro anayehama. Makochi aliyanunua akalie, akayakalia, na sasa anayaondoa. Hahitaji kuwasilisha ritani ya kodi kwa mauzo hayo, wala kutoa risiti ya mashine ya EFD.

Jirani yake wa mitumba alinunua gauni ili aliuze. Mzigo wake ni bidhaa ya biashara tangu siku belo lilipofunguliwa, hata kama halijawahi kuonekana sokoni Kilombero wala Krokoni.

Maswali ya kujiuliza

Kati ya mifano hiyo miwili wapo watu wengi walio katikati. Maswali yafuatayo humsaidia muuzaji kujipima:

- Nilikinunua kitu hiki nikitumie, au nilikinunua nikiwa tayari nafikiria kukiuza?
- Nikimaliza kuuza hivi nilivyonavyo, nitakwenda kutafuta vingine?
- Je, ninanunua vitu vilivyochakaa, ninavitengeneza na kuviuza kwa bei ya juu?
- Je, ninauza mali za watu wengine na kubaki na kamisheni?
- Je, nina ukurasa, jina la biashara na wateja wanaorudi?

Mwenye jibu la ndiyo katika swali la pili, la tatu au la nne anapaswa kujihesabu kuwa mfanyabiashara. Dalali wa mtandaoni anayetangaza makochi ya wanaohama naye yumo, kwa kuwa kamisheni yake ni pato la biashara, ingawa mwenye makochi hadaiwi kodi yoyote ya mapato. Vilevile, fundi wa Ngaramtoni anayenunua simu mbovu, kuzibadilisha vioo na kuziuza anafanya biashara, hata kama simu zenyewe ni tatu kwa mwezi.

Kiasi gani hulipwa

Kuwa mfanyabiashara hakumaanishi moja kwa moja kuwa na kodi ya kulipa. Mtu binafsi mkazi ambaye mapato yake yote yanatokana na biashara, na mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 100, huangukia katika mfumo wa kodi ya makadirio. Katika mfumo huo kinachopimwa ni mauzo ghafi ya mwaka kuanzia Januari hadi Desemba, si faida.

Kwa viwango vilivyotumika katika mwaka wa fedha 2024/25, mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hakutozwa kodi hiyo. Mwenye mauzo yanayozidi milioni 4 hadi milioni 7 alilipa shilingi 100,000 kwa mwaka ikiwa hakuwa na kumbukumbu kamili, au asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 4 ikiwa alikuwa nazo. Mwenye mauzo yanayozidi milioni 7 hadi milioni 11 alilipa shilingi 250,000 bila kumbukumbu, au shilingi 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 7 akiwa na kumbukumbu.

Tuchukue mfano wa muuza mitumba mwenye mauzo ya shilingi 450,000 kwa mwezi. Kwa mwaka anafikisha shilingi milioni 5.4. Akiwa hana daftari, kodi yake ni shilingi 100,000. Akiwa na kumbukumbu kamili, atatozwa asilimia 3 ya shilingi milioni 1.4, ambayo ni shilingi 42,000. Daftari la mauzo limemwokolea shilingi 58,000, fedha inayoweza kurudi katika mtaji. Kiasi hicho hulipwa kwa awamu nne ndani ya mwaka, kwa hiyo kila awamu ni shilingi 10,500.

Mtumishi au mwajiriwa mwenye mshahara ambaye pia anauza bidhaa mtandaoni azingatie kuwa mfumo huu umewekwa kwa yule ambaye mapato yake yote ni ya biashara. Hesabu yake hufanywa tofauti, na ni vyema apate ufafanuzi katika ofisi ya TRA kabla ya kujikadiria mwenyewe.

Kodi ya Ongezeko la Thamani ni suala jingine. Tangu Julai 2023, kiwango cha mauzo kinachomlazimu mfanyabiashara kujisajili kwa kodi hiyo ni shilingi milioni 200 kwa mwaka, kiasi ambacho wauzaji wengi wa majumbani wako mbali nacho.

Kumbukumbu humlinda hata asiyedaiwa

Sheria ya Usimamizi wa Kodi, Sura ya 438, inampa Kamishna Mkuu wa TRA uwezo wa kudai taarifa kutoka kwa mtu au taasisi yoyote, zikiwemo benki na kampuni za simu. Mtu aliyeuza samani za nyumba nzima kwa shilingi milioni 3 anaweza siku moja kuulizwa fedha hizo zilitoka wapi. Katika mgogoro wa makadirio ya kodi, mzigo wa kuthibitisha kuwa makadirio si sahihi uko kwa mlipakodi. Kwa sababu hiyo, karatasi ndogo ina thamani kubwa.

Anayeuza mali yake binafsi anashauriwa kuandikiana na mnunuzi hati fupi yenye majina yao, kitu kilichouzwa, bei, tarehe na saini. Kama risiti ya zamani ya ununuzi ipo, aitunze pamoja na hati hiyo. Mazungumzo na picha za tangazo zilizo kwenye simu nazo zina nafasi yake, kwani Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inazitambua kumbukumbu za kielektroniki. Kwa mfanyabiashara, sheria inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka 5.

Anayepokea makadirio asiyokubaliana nayo ana haki ya kuwasilisha pingamizi kwa Kamishna Mkuu ndani ya siku 30 tangu alipopokea. Kukaa kimya hakumsaidii, kwa sababu muda huo ukipita makadirio hubaki kuwa deni.

Mali zenye masharti yake

Zipo mali ambazo, hata zikiwa za binafsi, haziuzwi kama kochi.

Gari na pikipiki. Kuuza gari lako ulilokuwa ukilitumia hakukugeuzi kuwa mfanyabiashara, lakini umiliki lazima uhamishwe kupitia TRA, ambapo hulipwa ada ya kuhamisha umiliki na ushuru wa stempu. Muuzaji na mnunuzi wote wanatakiwa kuwa na Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi, TIN. Muuzaji asiyefuatilia hatua hii huendelea kuonekana kuwa mmiliki, na faini za barabarani za mnunuzi huandikwa kwenye gari lililo katika jina lake.

Viwanja, mashamba na nyumba. Matangazo ya viwanja vya Moshono, Kisongo au Usa River hupita katika makundi yaleyale ya WhatsApp, lakini ardhi ni mali ya uwekezaji. Mkazi wa Tanzania hutozwa asilimia 10 ya faida, na kodi hiyo hulipwa kabla uhamisho haujasajiliwa. Ipo nafuu kwa faida isiyozidi shilingi milioni 15 inayotokana na nyumba ya makazi ambayo mwenyewe ameimiliki na kuishi humo kwa miaka 3 au zaidi. Ipo pia kwa shamba la mtu binafsi lenye thamani ya soko chini ya shilingi milioni 10, lililotumika kwa kilimo kwa angalau miaka 2 kati ya 3 kabla ya kuuzwa. Nafuu hiyo ya pili inawagusa wakulima wengi wa miteremko ya Mlima Meru.

Mali zilizoingizwa kwa msamaha wa ushuru. Arusha ni makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na ilikuwa makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai ya Rwanda hadi ilipofungwa tarehe 31 Desemba, 2015. Watumishi wa taasisi za aina hii hufika na kuondoka, na wengi huuza magari na samani wanapomaliza mikataba yao. Mali iliyoingizwa nchini bila ushuru kwa sababu ya hadhi ya mwenyewe, ikiuzwa kwa mtu asiye na hadhi hiyo, hudaiwa ushuru chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Mnunuzi aombe kuona nyaraka za forodha kabla ya kutoa fedha, maana bei inayoonekana nafuu inaweza kuwa haina ushuru ndani yake.

Habari za nchi nyingine

Baadhi ya taarifa zinazosambaa mitandaoni hutoka nje na hazitumiki hapa. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Januari 2023, majukwaa ya mauzo ya mtandaoni yanatakiwa kuripoti kwa mamlaka za kodi wauzaji wa bidhaa wanaofikisha mauzo 30 au wanaozidi euro 2,000 kwa mwaka. Viwango hivyo si vya Tanzania. Hata huko, kuripotiwa ni utoaji wa taarifa tu na si kutozwa kodi.

Hatua za kuchukua

Anayeuza mali yake binafsi aandikiane na mnunuzi na atunze hati. Anayefanya biashara ajisajili TRA ndani ya siku 15 tangu kuanza biashara. TIN hutolewa bila malipo, na maombi yanaweza kufanyika kwa mtandao au katika ofisi za TRA. TIN si leseni ya biashara. Leseni huombwa katika halmashauri husika, iwe ni Jiji la Arusha, Halmashauri ya Wilaya ya Arusha au Halmashauri ya Wilaya ya Meru, kwa mujibu wa Sheria ya Leseni za Biashara.

Malipo ya kodi hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo wa Serikali. Mwananchi asitume kodi kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, hata kama anayepiga anajitambulisha kuwa ofisa wa TRA. Viwango vya kodi hupitiwa kila mwaka kupitia Sheria ya Fedha, ambayo kwa kawaida huanza kutumika tarehe 1 Julai, hivyo ni muhimu kuhakiki kiwango cha mwaka husika kabla ya kulipa.

Kwa ufafanuzi zaidi, wananchi wanaweza kufika katika ofisi ya TRA Mkoa wa Arusha au kupiga simu bila malipo namba 0800 750 075 na 0800 780 078.