Umeme wa Moyo na Neva Zinazouongoza

Moyo wa chura uliotolewa kifuani na kuwekwa katika maji yenye chumvi za kipimo kinachofaa huendelea kupiga kwa saa kadhaa. Hauna ubongo wa kuuamuru wala neva ya kuuchochea. Msuli wa mguu hauwezi kufanya hivyo. Ukikatiwa neva zake hulegea na kutulia. Moyo una seli zinazojizalishia umeme zenyewe, na neva zinazoufikia zina kazi nyingine: kuharakisha mapigo, kuyapunguza, na kubadilisha nguvu yake.

Umeme huo hautembei kama ule wa waya za nyumbani. Unatokana na ioni, yaani atomi zenye chaji, zinazovuka utando wa seli kupitia mifereji midogo ya protini inayofunguka na kufungwa. Ndani ya seli kuna potasiamu nyingi, nje kuna sodiamu nyingi, na kalsiamu iliyo huru ndani ni kidogo mno, takribani mara 10,000 chini ya ile ya nje. Tofauti ya sodiamu na potasiamu hulindwa na pampu inayotoa ioni 3 za sodiamu kila inapoingiza 2 za potasiamu, kazi inayokula nishati ya seli. Seli ya ventrikali, chumba cha chini cha moyo, inapopumzika, mifereji ya potasiamu huwa wazi; potasiamu huvujia nje na kuiacha ndani ikiwa hasi, karibu milivolti 90 chini ya sifuri.

Mshtuko kutoka seli jirani ukifika, mifereji ya sodiamu hufunguka ghafla. Sodiamu humiminika ndani, na katika milisekunde moja au mbili chaji hupanda hadi kupita sifuri. Katika neva mambo yangeishia hapo, kwa kuwa mshtuko wake wote hudumu milisekunde chache tu. Seli ya ventrikali hukaa katika hali hiyo kwa milisekunde 200 hadi 300, kwa sababu mifereji ya kalsiamu hufunguka na kuingiza chaji chanya wakati potasiamu ikitoka. Kalsiamu hiyo ndiyo kiungo kati ya umeme na nguvu. Kiasi kidogo kinachoingia hufungulia akiba kubwa iliyomo ndani ya seli, kalsiamu hujishika kwenye nyuzi za msuli, na msuli unajikunja.

Urefu huo wa mshtuko una faida ambayo ni rahisi kuipuuza. Muda wote huo seli haiwezi kushtuliwa tena, na inapokuwa tayari, msuli umeshaanza kulegea. Ndiyo maana msuli wa kigimbi unaweza kukakamaa kwa dakika nzima, lakini moyo haukakamai. Lazima ulegee na kujaa damu kabla ya pigo linalofuata. Hatimaye mifereji ya kalsiamu hufungwa, potasiamu hutoka kwa wingi, na seli hurudi kwenye utulivu wake. Hatua hii ya kurudi ni dhaifu kuliko inavyodhaniwa, na dawa nyingi huigusa. Halofantrini, iliyowahi kutumika sana kutibu malaria, huziba mifereji ya potasiamu na kurefusha mshtuko, na kwa baadhi ya watu jambo hilo lilizua mapigo yasiyo na mpangilio yaliyoweza kuua.

Mapigo yenyewe huanzia kwenye kifundo cha sinoatria, kipande kidogo cha tishu kilichoko juu ya atria (chumba cha juu cha moyo) ya kulia, pale mshipa mkubwa unaoleta damu kutoka kichwani na mikononi unapoingia. Kilielezwa na Arthur Keith na Martin Flack mwaka 1907. Seli zake hazijui utulivu. Kila zinapofika karibu milivolti 60 chini ya sifuri, mifereji fulani hufunguka na kuruhusu sodiamu kuingia taratibu. Hilo ni kinyume cha kawaida, maana mifereji mingi ya umeme hufunguka seli inapopoteza uhasi wake, ilhali hii hufunguka uhasi unapoongezeka. Chaji hupanda polepole hadi karibu milivolti 40 chini ya sifuri, kalsiamu huingia kwa kasi, na pigo jipya huzaliwa. Kasi ya moyo inategemea mwinuko wa mpando huo: ukiwa mkali mapigo huwa mengi, ukiwa wa kulala huwa machache.

Kutoka hapo mshtuko hupita seli hadi seli katika atria zote mbili, kupitia vijia vinavyounganisha seli za moyo moja kwa moja. Kati ya atria na ventrikali kuna ukuta wa nyuzi ngumu usiopitisha umeme, na njia ya kawaida ya kuuvuka ni moja tu, kifundo cha atrioventrikali, alichokieleza Sunao Tawara mwaka 1906. Hapo mshtuko hucheleweshwa kwa takribani sehemu moja ya kumi ya sekunde, muda unaotosha atria kumalizia kusukuma damu chini. Baada ya hapo huingia kwenye fungu la His na nyuzi za Purkinje, zinazousafirisha kwa mita 2 hadi 4 kwa sekunde, na ventrikali hujikunja karibu kwa pamoja. Safari yote hii ndiyo inayochorwa na kipimo cha ECG, ambacho Willem Einthoven alipewa Tuzo ya Nobel kwa ajili yake mwaka 1924.

Kifundo cha atrioventrikali na nyuzi za Purkinje nazo zinaweza kuanzisha mapigo, ila kwa kasi ndogo: kifundo hicho takribani mara 40 hadi 60 kwa dakika, nyuzi 20 hadi 40. Kama ilivyo kwenye ngoma, mwenye kasi huwaburuta wengine, hivyo kwa kawaida sauti yao haisikiki. Husikika njia ya juu inapokatika, na mgonjwa wa namna hiyo, mwenye mapigo 30 na kizunguzungu, ndiye anayewekewa betri ya moyo.

Kifundo cha sinoatria kikiachwa peke yake hupiga karibu mara 100 kwa dakika. Hilo huonekana wazi kwa watu waliopandikizwa moyo, upasuaji uliofanyika kwa mara ya kwanza kwa binadamu Cape Town tarehe 3 Desemba 1967. Neva hukatwa wakati wa upasuaji, na moyo mpya hupiga kati ya mara 90 na 110 hata mtu akiwa amelala. Mtu mzima mwenye neva zake zote ana mapigo 60 hadi 80 anapopumzika. Kwa hiyo wakati wa utulivu moyo unazuiliwa, wala hauchochewi.

Anayezuia ni neva ya vagasi, itokayo kwenye shina la ubongo. Ndugu Ernst na Eduard Weber walionyesha mwaka 1845 kwamba kuishtua neva hiyo kunaweza kusimamisha moyo. Namna inavyofanya hivyo ilikuja kujulikana kwa jaribio la Otto Loewi, lililochapishwa mwaka 1921 huko Graz, Austria. Alishtua vagasi ya moyo wa chura mmoja, kisha akachukua majimaji yaliyouzunguka na kuyamimina kwenye moyo wa pili. Huo wa pili nao ukapunguza mapigo, ingawa haukuguswa na neva yoyote. Neva, basi, ilikuwa imetoa kemikali. Baadaye ilithibitika kuwa ni asetilikolini.

Asetilikolini hushika vipokezi vya seli za kifundo na kufungua mifereji ya potasiamu, hivyo seli huwa hasi zaidi, na mpando wa chaji hupungua ukali. Athari yake huonekana ndani ya pigo moja au mawili, na huisha haraka kwa kuwa kimeng'enya kilichopo pale pale huivunja. Viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti hukilemaza kimeng'enya hicho. Mkulima aliyevivuta au kuvinywa anaweza kufika hospitali moyo ukipiga polepole sana, na dawa ya kwanza anayodungwa ni atropini, inayoziba vipokezi hivyo.

Neva za simpathetiki hutoka sehemu ya juu ya uti wa mgongo, kifuani, na huenea moyo mzima, ventrikali zikiwemo, ambako vagasi hufika kwa uchache. Hutoa noradrenalini. Kemikali hii huongeza ukali wa mpando na kuingiza kalsiamu nyingi zaidi kwa kila pigo, hivyo moyo huenda kasi na kujikunja kwa nguvu. Huchukua sekunde kadhaa kuanza kufanya kazi. Mtu anayeanza kukimbia huongeza mapigo mara moja kwa sababu vagasi imelegeza mkono. Simpathetiki hufuata nyuma.

Mizani kati ya hizo mbili hupangwa na shina la ubongo, linalopokea taarifa za presha kutoka ateri za shingoni na upinde wa aota. Mtu akisimama ghafla, damu hushukia miguuni, presha hupungua, na kabla hajapiga hatua chache mapigo yameshapanda. Hata pumzi huingia katika hesabu: mapigo huongezeka kidogo mtu anapovuta hewa na kupungua anapoitoa, hasa kwa vijana, na hilo si ugonjwa.

Dawa kama propranololi na atenololi huziba vipokezi vya noradrenalini, na hutolewa kwa wagonjwa wengi wa presha na wa moyo. Zikitumika kwa muda mrefu, seli hujibu kwa kuongeza idadi ya vipokezi. Anayeziacha ghafla huacha vipokezi hivyo vyote wazi, na moyo unaweza kwenda mbio au kupata shambulio. Dawa hizi hupunguzwa kidogo kidogo, kwa maelekezo ya daktari.