Nilimeza dawa ya ganzi, ganzi ikanizidi!

Ukiniona leo nakatiza stendi ya Bariadi na kandambili zangu zote mbili miguuni, mshukuru Mungu pamoja nami. Miezi michache iliyopita kandambili ilikuwa inanivuka njiani, natembea hatua kumi nzima na mguu mtupu, na mimi wala sina habari.

Basi bwana, ilianza hivi. Vidole vya miguu vilianza kunichomachoma kama nimekanyaga siafu. Mshkaji mmoja pale kijiweni akanicheka: "Hiyo ganzi, mwanangu. Mishipa imechoka. Kameze vitamini B."

Nikazama duka la dawa. Sikuulizwa umri, sikuulizwa kama nina ugonjwa mwingine. Nikapewa vidonge vyenye B1, B6 na B12 kwa pamoja. "Meza viwili kwa siku," dada wa dukani akaniambia.

"Mpaka lini?"

"Mpaka upone, kaka. Hiyo si vitamini tu? Ikizidi utaikojoa."

Kwa uchu wa kupona nikaongeza na vile vidonge vidogo vya B komplex. Mkojo ukawa wa njano ya kung'aa, nikafurahi: dawa hiyo inachapa kazi! Kumbe ile rangi ni B2 tu inayotoka. Haina maana kwamba umepona, wala kwamba uchafu umetoka mwilini. Ni pesa yako inakwenda chooni.

Ukaisha mwezi wa kwanza, wa pili, mpaka wa tano. Ganzi ikapanda kutoka vidoleni hadi kwenye vifundo vya miguu, ikahamia na mikononi. Kalamu ikawa inanidondoka. Kwa mtu wa Form Four kama mimi, ambaye mtaji wake ni kalamu hiyohiyo, hapo si ganzi tena, ni njaa inabisha hodi. Na kila ilipozidi, mimi nilifanya nini? Nilikwenda kununua pakiti nyingine!

Aliyeniokoa ni daktari mmoja wa makamo. Kabla hata hajanigusa aliuliza: "Unatumia dawa gani?" Nikatoa pakiti mfukoni. Akaigeuza nyuma, akasoma maandishi madogo ambayo mimi mwandishi sikuwahi kuyasoma.

"Mwanangu, kila kidonge kina miligramu 200 za B6. Mtu mzima anahitaji kama miligramu 1.3 kwa siku. Wewe unameza 400!"

Nikabaki mdomo wazi. Vitamini ninayomeza ili kuondoa ganzi, ikizidi kwa muda mrefu, yenyewe inaleta ganzi! Na si siri mpya. Mwaka 1983 madaktari wa Marekani waliandika habari za watu 7 waliokuwa wakibugia B6 kwa gramu, wakapoteza hisia mikononi na miguuni. Mwaka 2023 wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya walishusha kiwango cha juu kwa mtu mzima hadi miligramu 12 kwa siku. Kwa hiyo ile "ikizidi utaikojoa" ni nusu ya ukweli, na ile nusu nyingine ndiyo iliyonivua kandambili.

Sasa msomaji usije ukasema nakataza vitamini B. La hasha! Hizi ni ndugu wanane: B1, B2, B3, B5, B6, B7, B9 na B12. Hazina nguvu zenyewe, ila zinausaidia mwili kugeuza ugali kuwa nguvu, kutengeneza damu na kulinda mishipa ya fahamu. Zikikosekana, ni balaa. Mwaka 1990, kwa majirani zetu Malawi, karanga zilikatika kwenye mgao wa chakula wa wakimbizi wa Msumbiji. Zaidi ya watu 18,000 wakapata pelagra, ugonjwa wa kukosa B3: ngozi inababuka panapopigwa na jua, mtu anaharisha, mwisho akili inavurugika. Karanga tu, jamani!

Huku Simiyu tumejaliwa. Bibi akikuandalia michembe na karanga, usione ni chakula cha kishamba. Dengu, choroko na kunde zina B9 ya kutosha. Dagaa wa Busega, maziwa na nyama vina B12, ambayo kwenye mboga na nafaka haipo. Dona lina B nyingi kuliko sembe, maana mashine ikikoboa mahindi inatupa ganda na kiini, na humo ndimo vitamini zilimo. Sisi vijana wa mjini tunataka ugali mweupe kama pamba, halafu tunakwenda kununua vitamini dukani!

Ila wapo wanaohitaji vidonge kweli. Dada yangu, kama unapanga kupata mtoto, hii ni yako. Uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 hivi za mwanzo, pengine hujajua hata kama una mimba. B9, yaani foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku kuanzia kabla ya mimba, inapunguza sana hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Lakini usijiongezee zile za miligramu 5 bila ushauri, kwani zinaweza kupunguza nguvu ya SP, dawa ya kukinga malaria anayopewa mjamzito kliniki. Mwenye sikoseli, yeye hupewa foliki asidi na daktari wake. Anayetumia dawa ya TB iitwayo isoniazidi hupewa B6 kwa kipimo. Mgonjwa wa kisukari anayemeza metformini miaka mingi aombe apimwe B12. Kila mmoja na yake.

Na wale mnaotafuta vidonge vya kunenepa: vitamini B hainenepeshi. Ukiona umevimba mashavu ndani ya wiki mbili, jiulize ndani ya kidonge hicho kumewekwa nini kingine.

Mimi daktari alinipima sukari na damu, maana ganzi inaweza kuwa dalili ya kisukari, ya UKIMWI au ya pombe. Hakukuta kitu. Kule kuchomachoma kwa mwanzo hatukujua kulitoka wapi, lakini kilichopanda baadaye alikijua. Akaniambia niache vile vidonge vyote. Ganzi ikaanza kushuka taratibu, ilivyopanda. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto bado kimelala, sijui kitaamka lini.

Kwa hiyo ndugu yangu, ganzi ikikushika nenda kapime kwanza. Ukipewa kidonge, geuza pakiti usome miligramu, na uulize mwisho wake ni lini. Ukijibiwa "mpaka upone", rudisha hela yako mfukoni, kanunue karanga.

Tukutane wiki ijayo!