Sarafu za bure kwenye mchezo, pesa za chama kwenye simu

Kama ulikuwa kijana mwanzoni mwa miaka ya 2000 na ulikuwa na bob ishirini za saiba, huenda ulikutana na The Sims. Si mchezo wa risasi wala mpira. Unajenga nyumba, unaweka watu ndani, unawapeleka kazini, unawakumbusha kuoga, na wakipika kabla hawajajua kupika jiko linashika moto. Uliongozwa na Will Wright wa kampuni ya Maxis, ukatoka Februari 2000. Familia mpya ilianza na Simoleon 20,000, ndiyo pesa ya mle ndani, na zilikuwa zinaisha kabla hujanunua kitanda cha maana.

Hapo ndipo chiti zilipoingia. Kwa wasiojua, chiti ni neno unaloandika ili mchezo ukupe kitu ambacho hukukifanyia kazi. Unabonyeza Ctrl, Shift na C kwa pamoja, kisanduku kinafunguka, unaandika "rosebud", unapata 1,000. Sims 2 ya mwaka 2004 ikaja na "motherlode", 50,000 kwa neno moja tu. Hakuna aliyeibiwa. Chiti ziliwekwa na watengenezaji wenyewe, na pesa hizo hazikutoka mfukoni mwa mtu. Hapa ofisini tuna watu wazima wenye watoto ambao bado wanakumbuka maneno hayo kuliko siku zao za harusi.

Tumeanza mbali hivi kwa sababu ya simu tuliyopokea kutoka Makutano. Tunasema ile ya Meru mjini, si ile ya njia ya Embu wala ile ya karibu na Kapenguria. Kenya haina uhaba wa Makutano.

Aliyepiga ni mama anayeuza mitumba. Yeye ndiye mweka hazina wa chama cha wanawake kumi na wawili, kila mmoja anatoa 500, jumla 6,000. Jumamosi jioni alienda kwa wakala kutoa hizo pesa ampelekee mwenzake ambaye zamu yake ilikuwa imefika. Wakala akamwambia, mama, hizi hazitoshi. Akaangalia salio mwenyewe. Zilikuwa zimebaki 500 na kitu. Akatafuta kwenye meseji zake kama kuna mahali alituma pesa akasahau. Hakuna meseji hata moja.

"Mama, kuna mtu mwingine anayeshika simu yako?" tulimuuliza.

"Ni kijana wangu tu. Huwa anacheza mchezo."

Kwa rekodi zetu na kwa maelezo ya kijana mwenyewe, ambaye alikubali kuongea baada ya kulia kwanza, mambo yalienda hivi. Yuko kidato cha pili. Anacheza The Sims FreePlay, ile ya simu iliyoanza mwaka 2011. Kuicheza ni bure, lakini saa ya mle ndani ni saa ya kweli: ukituma mtu kazini unasubiri masaa, ukijenga nyumba unasubiri siku. Anayetaka kuruka foleni anatumia Life Points, na ukiishiwa unauziwa kwa pesa halisi. Kijana hakuwa na pesa halisi. Ijumaa mchana akatafuta mtandaoni njia ya mkato, kama tulivyofanya sisi enzi zetu, akapata ukurasa ulioahidi Life Points bila kikomo.

Ukurasa ukamwomba namba ya simu, ati athibitishe kwamba yeye si roboti. Akaweka ya mama yake. Punde si punde ikajitokeza ile menyu ya malipo kwenye simu: shilingi 100, weka PIN. PIN anaijua, kwa sababu yeye ndiye humsaidia mama yake kutuma pesa anapokuwa na wateja. Ukurasa ulikuwa umeshamwambia ni jaribio tu na pesa itarudi pamoja na sarafu. Akaweka. Ukurasa ukasema namba haijathibitishwa kikamilifu. Menyu ikaja tena, 1,900. Akaweka. Ikaja ya tatu, 3,500. Yote matatu ndani ya dakika kumi na moja. Mwisho akaambiwa afute meseji zilizoingia ili Life Points zionekane, naye akazifuta.

Hapo kwenye kufuta meseji ndipo tulipokaa kimya kidogo, sisi tuliokuwa tukimsikiliza. Aliyeandika maneno hayo alijua hasa mama atatafuta nini jioni.

Ujanja huu si mpya, na ajabu ni kwamba ulishaonekana ndani ya The Sims yenyewe. Desemba 2002 mchezo ulitolewa kwa namna ya mtandaoni, ukaitwa The Sims Online. Sasa majirani zako hawakuwa vikaragosi tena, walikuwa watu halisi wanaolipa kila mwezi ili wakae humo. Simoleon zikapata thamani nje: watu walikuwa wanaziuza eBay kwa dola. Na mara tu pesa ya mchezo ilipoanza kununua kitu nje ya mchezo, wezi wakahamia mjini. Katika mji ulioitwa Alphaville, wageni walipokelewa na wenyeji wenye maneno matamu waliojitolea kuwaonyesha njia. Fanya hivi, niachie hiki nikushikie. Mgeni akizinduka, hana kitu.

Aliyeyaandika hayo ni Peter Ludlow, mwalimu wa falsafa wa Chuo Kikuu cha Michigan, aliyeanzisha gazeti la mji ule mwaka 2003 kwa jina The Alphaville Herald. Desemba mwaka huohuo kampuni ya Electronic Arts, wenye mchezo, wakaifunga akaunti yake wakisema amekiuka masharti. Mji wenyewe ulizimwa Agosti 2008. Pesa za simu zilikuwa zimeanza hapa Kenya Machi 2007, kwa hiyo kwa mwaka mmoja na zaidi vitu hivi viwili viliishi pamoja duniani bila kujuana.

Kilichotugusa katika habari ile ni kwamba wezi wa Alphaville hawakuhitaji kuvunja mtambo wowote. Waliomba, wakapewa. Na Makutano ni hivyohivyo. Simu ilikuwa ya mama, laini ya mama, PIN sahihi. Kwa mtambo wetu hayo yalikuwa malipo matatu ya kawaida kwenda kwenye till ya biashara, na ukapitisha.

Tungependa kuandika kwamba tulizirudisha zile 5,500. Hatukuzirudisha. Tulipopigiwa ilikuwa imepita siku nzima, na pesa zilikuwa zimetoka kwenye till, zikagawanywa kwa namba nyingine, zikatolewa taslimu. Till tuliifunga. Tulimwelekeza mama akaandikishe polisi apate namba ya OB, maana bila hiyo kesi haiendi popote, ingawa Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 ipo na inahusu wizi wa namna hii. Kama angetupigia Ijumaa ileile, pesa zikiwa bado hazijatolewa, tungeweza kuzizuia. Ndiyo maana meseji zilifutwa.

Kuhusu ile menyu, tafadhali isome pamoja na mtu aliye nyumbani kwako, leo jioni ikiwezekana. Inaonyesha kiasi na jina la anayelipwa, kisha inaomba PIN. Ukiona inaomba PIN, pesa inatoka kwako. Kupokea pesa hakuhitaji PIN, iwe ni zawadi, mkopo, pesa ya kurudishiwa au sarafu za mchezo. Hata sisi tukikupigia hatutakuuliza PIN. Kama hukuanzisha malipo mwenyewe, funga menyu hiyo na upige simu kwetu.

Kuna pia zile nakala za mchezo zilizochezewa, zinazosambazwa kwenye vikundi vya WhatsApp na Telegram. Nyingine zinafanya kazi kweli, sarafu unazipata, na hilo ndilo linalozifanya ziwe hatari. Angalia inaomba ruhusa gani wakati wa kuiweka kwenye simu. Mchezo wa kujenga nyumba una shughuli gani na meseji zako?

Na hili la watoto kujua PIN. Tumekuwa tukiandika hapa "usimpe mtu PIN yako" miaka na miaka, halafu tunaendelea na mambo mengine, kana kwamba hatujui maisha ya watu. Nyumba nyingi mtoto ndiye anayesoma meseji, ndiye anayetuma. Hatuwezi kukuambia umfukuze kwenye simu. Lakini pesa za chama zisikae kwenye laini iliyo ndani ya simu ya mchezo. Weka laini nyingine, hata kwenye kabambe ya batani, na PIN yake ujue wewe peke yako. Na mtoto ajue kwamba akikosea anaweza kukuambia siku hiyohiyo bila kuogopa kiboko, kwa sababu huyu wa Makutano alijua Ijumaa usiku kwamba mambo yameharibika. Alinyamaza akitumaini Life Points zitaingia asubuhi.

Mama yule alikutana na wenzake Jumapili, akawaambia ukweli. Mwanachama wa zamu alipewa zilizobaki, na mama analipa deni 500 kila wiki kutoka kibandani. Kijana yuko likizo, anambebea mabelo ya nguo asubuhi kabla jua halijawa kali. Mchezo hawakuufuta. Mara ya mwisho tulipozungumza, ghorofa aliyokuwa akijenga ilikuwa imebakisha siku mbili kukamilika.