Karata za Mtu Peke Yake

Mwanafunzi wangu mmoja alibakia chuoni baada ya wenzake kuondoka, akaniuliza kwa haya: "Maalim, baba hucheza karata peke yake katika simu. Hana anayeshindana naye, wala hapana fedha. Je, hiyo ni kamari?" Sikumjibu. Si haki kuhukumu jambo usilolijua. Basi nilikwenda kwa mzazi wake, nikamwomba anioneshe.

Mchezo huo Waingereza huuita Patience, maana yake subira, na Wamarekani huuita Solitaire, yaani wa mtu pweke. Aina yake mashuhuri ni Klondike. Karata 28 hupangwa safu saba: ya kwanza moja, ya pili mbili, hata ya saba saba. Ya mwisho katika kila safu hufunuliwa, na 21 hubaki zimefudikizwa. Zilizosalia 24 hufunuliwa kidogo kidogo. Mchezaji hushuka kwa kupishanisha nyekundu na nyeusi, na kila ree ipatikanayo huwekwa kando, ikajengewa mbili, tatu, hata mfalme wa jamii yake.

Na jamii hizo nne, kopa, uru, shupaza na pau, zina habari ya kustaajabisha. Majina hayo tumeyapata kwa Wareno, na kwao maana yake ni vikombe, dhahabu, panga na magongo. Nao watu wa Ulaya walizipokea karata katika karne ya 14 kutoka nchi za Waislamu. Katika jumba la Topkapi, Istanbul, zimehifadhiwa karata za Mamluki wa Misri zenye vikombe, dinari, panga, na magongo ya kuchezea mpira juu ya farasi, wala hazina sura ya mtu. Hayo hayazifanyi kuwa halali, lakini yafaa yajulikane.

Turudi kwa swali la kijana. Wanavyuoni wa Kishafii walitofautisha mchezo wa dadu, ambao msingi wake ni bahati, na sataranji, ambayo msingi wake ni hesabu na fikra: ule wameuharamisha, na huu wengi wao wameukirihi tu, maadamu hapana fedha wala sala haipotezwi. Sasa tazama. Katika Klondike karata nyingi zimefichwa, na mtu huweza kucheza vyema akashindwa. Lakini iko FreeCell, aliyoitengeneza Paul Alfille, mwanafunzi wa udaktari wa Marekani, mwaka 1978. Humo karata zote 52 huwa wazi tangu mwanzo. Katika mipango 32,000 ya kwanza iliyotiwa nambari kwa kompyuta, ni mmoja tu, nambari 11982, usiotatulika. Mingineyo ukishindwa, kosa ni lako. Mimi si mufti, lakini sioni kuwa michezo miwili hii ni kitu kimoja.

Wala mtu asidhani kuwa upweke huizuia kamari. Imesimuliwa kwamba Richard Canfield, mwenye nyumba ya kamari huko Saratoga, Marekani, aliwauzia watu jozi ya karata kwa dola 50, akawalipa dola 5 kwa kila karata waliyofanikiwa kuipanga. Na leo ziko programu za simu zinazowashindanisha watu kwa fedha katika mchezo huu huu.

Nilimwuliza mzazi yule kama yake ni katika hizo. Akasema, la, akanionesha. Nikamwuliza hucheza muda gani. Akanyamaza, aliyejibu ni mkewe, kutoka jikoni: "Tangu alasiri, Maalim, na chai yake imekwisha poa mara mbili."

Kijana nilimwambia kuwa si kamari. Habari ya chai sikumwambia.