Kivuko cha watoto na dhambi tusiyoiungama



Ndugu msomaji, leo nina kosa la kukusimulia. Nimeshaliungama mahali pake, kwa hiyo usishtuke.

Wiki chache kabla ya Kwaresima iliyopita, saa moja na nusu asubuhi, nilipigiwa simu nikampe Mpako wa Wagonjwa mzee mmoja wa kigango chetu. Binti yake alikuwa analia. Nikachukua mafuta, stola na Ekaristi Takatifu, nikaingia garini. Barabara inayokwenda kwa mzee huyo inapita mbele ya shule ya msingi, na mbele ya shule kuna kivuko cha waenda kwa miguu, ile mistari myeupe ambayo wengi tunaiita zebra. Daladala iliyokuwa mbele yangu ikasimama. Nikajua inashusha abiria, maana daladala zetu husimama popote zinapojisikia. Nikawasha indiketa, nikaipita.

Haikuwa inashusha abiria. Ilikuwa imewasimamia watoto.

Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari lilipotulia, mtoto wa kike mwenye begi kubwa kuliko mgongo wake alikuwa hatua moja kutoka kwenye boneti. Hakulia. Alinitazama, akaitazama kola yangu, akasema, "Shikamoo Padre," akaendelea kuvuka. Mwalimu aliyekuwa amesimama katikati na kibao chake cha kusimamisha magari hakunisalimu. Nami nilikuwa na Bwana Yesu kifuani.

Yule mzee nilimpaka mafuta mkono ukitetemeka. Yu hai hadi leo, na Jumapili iliyopita alikuja kanisani kwa miguu yake.

Siku nzima nilijitetea moyoni. Nilikuwa na haraka ya kazi ya Mungu. Na kweli kabisa, sikuwaona watoto wale, kwa kuwa daladala iliwakinga. Ilinichukua hadi masifu ya jioni kutambua kwamba utetezi wangu ndio ulionishtaki. Sikuwaona, na ndiyo sababu mtu aliweka kibao pale. Kama kila dereva angeweza kuona kilicho nyuma ya daladala, nyuma ya kona au ng'ambo ya kilima, tusingehitaji alama hata moja. Alama ya barabarani imewekwa kwa ajili ya asiyeona, na barabarani kila mmoja wetu kuna kitu asichokiona. Sheria inayokataza kulipita gari lililosimama kwenye kivuko iliandikwa kwa ajili ya asubuhi kama ile, na kwa ajili ya dereva kama mimi.

Watu waliobuni alama hizi walitufikiria kwa undani kuliko tunavyodhani. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu alama na ishara za barabarani ulijaribu kuzifanya zisomeke bila kujali lugha ya msafiri, hivyo umbo lenyewe linasema. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inaonya. Duara lenye ukingo mwekundu linakataza. Kibao cha kusimama kina pembe nane, hata kikipakwa matope au ukikitazama kwa nyuma utajua kwamba yule anayekikabili ndiye anayepaswa kusimama. Mtu usiyemfahamu, pengine ameshafariki, aliketi mezani akawaza juu ya mtoto wako siku ya mvua.

Maandiko Matakatifu yanalijua wazo hili. Kumbukumbu la Torati 22:8 linamwagiza Mwisraeli anayejenga nyumba aweke ukuta mfupi pembezoni mwa dari, kwa sababu dari zao zilikuwa bapa na watu walikaa juu yake. Mtu akianguka, damu inakuwa juu ya nyumba ile. Angalia kwamba hakuna aliyesukumwa. Kosa ni kutokuweka ukuta. Tena katika sura ya 19 ya kitabu hichohicho Mungu anawaagiza watengeneze njia za kuifikia miji ya makimbilio, ambako mtu aliyeua bila kukusudia angekimbilia kuokoa nafsi yake. Walimu wa Kiyahudi, katika Talmudi, wanaeleza kwamba kwenye njia panda liliandikwa neno la kumwonyesha mkimbizi upande wa makimbilio. Nilipojifunza habari hiyo seminarini niliiona ya kupendeza tu. Sasa nikipita njia panda naikumbuka kwa namna nyingine.

Na kuna laana moja, sura ya 27, mstari wa 18: amelaaniwa ampotezaye kipofu katika njia yake. Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu hapa nchini alama za barabarani zinang'olewa na kuuzwa kama vyuma chakavu. Kibao kilichoonya juu ya kona kali kinapimwa kwenye mizani, kinalipiwa, muuzaji anakwenda kula chipsi. Usiku huohuo linakuja lori la dereva mgeni, hajawahi kuipita njia ile, ni kipofu kwa maana kamili ya mstari ule. Anayeiba kibao, na anayekinunua akijua ni kibao, wasijidanganye kwamba wamevunja amri ya saba peke yake. Wameigusa ya tano.

Amri ya tano ndipo Kanisa linapoliweka jambo hili. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inahesabu kuwa ni hatia nzito kuhatarisha usalama wako na wa wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo kasi kupita kiasi. Mwaka 2007 Baraza la Kipapa lililoshughulikia uchungaji wa wahamiaji na wasafiri lilitoa mwongozo wa uchungaji wa barabarani, na ndani yake amri kumi za dereva. Ya kwanza ni ileile ya Sinai, usiue. Nyingine inaonya kwamba gari lisiwe chombo cha kuonyesha ubabe na nafasi ya dhambi. Nyingine inataka aliye dhaifu zaidi barabarani alindwe. Baadhi ya watu walicheka wakati ule, wakisema Vatikani imekosa kazi. Hawakuwa wamezika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, zaidi ya nusu yao wakiwa waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki, na kwamba kati ya watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua zaidi ya ajali hizo. Paroko anayezika vijana wa bodaboda hahitaji kusomewa takwimu.

Lakini tumelifanya kuwa jambo la faini. Sikiliza tunavyozungumza garini: "Kuna trafiki mbele." Tunawashiana taa, dereva na dereva ambao hawajawahi kuonana, kutahadharishana kwamba askari na tochi yake wako chini ya mwembe. Ni ukarimu wa ajabu. Nimeishi Dar es Salaam miaka mingi na nimewashiwa taa mara zisizohesabika kwa sababu ya askari. Sijawahi kuwashiwa hata mara moja kwa sababu watoto wanavuka.

Askari mwenyewe simlaumu. Akisimama makutanoni, mkono wake ni mkubwa kuliko taa, na sheria inasema hivyo. Taa nyekundu, yeye anakuita, unakwenda. Taa ya kijani, yeye amenyoosha kiganja, unangoja (na sisi wa Dar tunajua kungoja). Ninachouliza ni saa tano ya usiku, askari amekwenda kulala, taa inawaka nyekundu pale na hakuna gari upande wowote. Nani anasimama? Na ile ya njano, inayomtaka dereva asimame isipokuwa amekaribia mno kuweza kusimama salama, kwetu imekuwa kengele ya kukanyaga mafuta. Gari la kilomita 50 kwa saa linakwenda karibu mita 14 kwa sekunde moja. Sekunde moja ni muda wa kusema Amina.

Siri ya kitubio haiguswi, kwa hiyo sitasema neno juu ya waungamaji wangu. Nasema juu yangu. Nimeshika usukani zaidi ya miaka ishirini, na kabla ya asubuhi ile sikuwahi kuungama chochote nilichokifanya barabarani. Niliungama hasira, uvivu wa sala, maneno makali kwa katekista. Taa nilizopita na vivuko nilivyovikata niliviacha nje ya mlango wa kanisa kama watu wanavyoacha pikipiki zao.

Muungamishi wangu ni padre mzee kuliko mimi, na haendeshi gari. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja: "Yule mwalimu umeshamwomba radhi?" Nikasema bado. Akasema malipizi yangu ni hayo, na niende saa ileile ya asubuhi, kwa miguu.

Nikaenda. Mwalimu alikuwa pale na kibao chake, kizibao cha njano begani, anavusha watoto kwa mafungu. Nikangoja ng'ambo mpaka akanipa ishara nivuke. Nikamwambia mimi ndiye padre wa siku ile. Akasema, "Najua, Baba. Gari lako nalijua." Nikamwomba radhi. Alinyamaza kidogo, akamshika mkono mtoto wa mwisho akamfikisha upande wa pili, kisha akarudi akanionyesha chini. Mistari ilikuwa imefutika, imebaki michirizi ya kijivu, na dereva mgeni asingejua kuna kivuko. Nikamuuliza kama parokia ichange rangi. Akasema hapana, barabara ina wenyewe na huwezi kujichorea tu. Alikuwa ameandika barua mbili zisizojibiwa, ya tatu alikuwa nayo kwenye mkoba, imeshasainiwa na mwalimu mkuu na wazazi kumi na wawili. Alitaka na ya Paroko, tena yenye muhuri.

Nilirudi parokiani kuchukua muhuri. Barua imeondoka Ijumaa.